Kuchagua Vihisi Visivyotumia Waya vya Kupimia Unyevuanga na Joto katika Hifadhi ya Miswada ya Kale

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna ya kuchagua vihisi vidogo visivyotumia waya, vinavyopima unyevuanga na joto, kwa ajili ya kuilinda miswada ya kale ya Kiswahili ambayo ingali katika nyumba za watu pwani ya Kenya. Hoja yetu kuu ni kwamba tarakimu inayoonekana kwenye kioo cha kihisi si ushahidi mpaka kihisi chenyewe kiwe kimejaribiwa, na kwamba jaribio hilo liko ndani ya uwezo wa mwanafunzi yeyote aliye na chumvi ya mezani na mkebe wenye kifuniko. Mfano unaotumiwa umetokana na kosa la mwandishi mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa mapema kwamba ushairi wetu wa kale umetufikia kwa njia mbili: vinywani mwa waliouhifadhi kwa moyo, na kwenye karatasi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Kuhusu njia ya kwanza tunasoma mengi. Kuhusu ya pili tunasoma maandishi yenyewe, bahari zake, vina vyake na lahaja yake, lakini ni nadra sana kuisoma karatasi. Huzungumziwa kana kwamba ni kitu kisichozeeka wala kuugua.

Sehemu ya miswada hiyo iko mahali panapoangaliwa. Ipo katika maktaba ya SOAS mjini London, ipo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na miswada ya Msikiti wa Riyadha mjini Lamu imepigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mpango wa British Library wa kunusuru kumbukumbu zilizo hatarini. (Msomaji asichanganyikiwe: hapa hatuzungumzii miswada isomwayo Bungeni, ingawa gazeti lolote la Nairobi litamfanya adhani hivyo.) Hata hivyo, sehemu nyingine ingali katika masanduku ya familia, juu ya dari na ndani ya zidaka za kuta za matumbawe, mahali ambapo hakuna mtunzaji isipokuwa mwenye nyumba.

Katika nyumba mojawapo ya namna hiyo, katika visiwa vya Lamu, mwandishi wa makala haya aliruhusiwa kuweka kihisi cha kwanza ndani ya sanduku la mbao lililokuwa na juzuu mbili za tendi na mafungu ya barua. Kilikuwa kihisi cha bei nafuu, chenye kioo kizuri na herufi kubwa. Kuanzia mwezi wa Aprili hadi Agosti, msimu mzima wa masika, kilionyesha asilimia 57, 58, mara chache 59. Tulifurahi. Tuliwatumia wenzetu picha ya kioo kile kama kwamba tumeshinda vita. Mwezi wa Agosti sanduku lilipofunguliwa, ukurasa wa mwisho wa juzuu moja ulikuwa na madoa ya kijivu kandokando, na kurasa tatu zilikuwa zimeshikana. Bibi mwenye nyumba, ambaye hajawahi kusoma fizikia, alizinusa karatasi kisha akatwambia, “Mwanangu, kidude chako chasema urongo.” Alikuwa amesema kweli, na sehemu iliyobaki ya makala haya ni maelezo ya jinsi tulivyopaswa kulijua hilo miezi minne mapema.

2.0 Unyevuanga nisbi

Hewa hubeba mvuke wa maji, na uwezo wake wa kuubeba hutegemea joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17.3 hivi za mvuke. Kwa nyuzi 25 hufikia gramu 23. Kwa nyuzi 30 hufikia zaidi kidogo ya gramu 30. Tunaposema unyevuanga ni asilimia 65 hatusemi kwamba sehemu 65 kati ya 100 za hewa ni maji, kosa ambalo tumelisikia hata katika taarifa za habari. Tunasema kwamba hewa imebeba sehemu 65 katika kila sehemu 100 za mvuke inaoweza kuubeba katika joto lile. Hiyo ndiyo maana ya neno nisbi katika istilahi hii: kipimo ni cha uhusiano, si cha wingi.

Tuchukue chumba chenye hewa ya nyuzi 30 na gramu 20 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Unyevuanga nisbi ni asilimia 66. Usiku hewa ileile ikipoa hadi nyuzi 25, bila tone la maji kuongezwa wala kupunguzwa, unyevuanga hupanda hadi asilimia 87. Ikipozwa hadi nyuzi 22, haiwezi tena kuushikilia mvuke wote, na sehemu yake hugeuka kuwa maji juu ya kitu chochote kilicho baridi. Ndiyo sababu ofisi yenye kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa saa kumi na moja jioni yaweza kuwa mahali pabaya kwa vitabu kuliko chumba kisicho na kiyoyozi kabisa. Kiyoyozi kinapofanya kazi hukausha hewa; kikizimwa, hewa ya nje yenye mvuke mwingi huingia na kukutana na majalada yaliyo baridi.

Kutokana na mfano huo yafuata kwamba unyevuanga na joto lazima vipimwe pamoja, mahali pamoja na wakati mmoja. Kihisi kilichowekwa ukutani hakiwezi kusema lolote la hakika kuhusu hali ya ndani ya sanduku lililo sakafuni.

3.0 Karatasi, kuvu na mdudu wa tumbaku

Kuvu huanza kuota kwenye karatasi na gundi unyevuanga ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa muda. Upande wa pili, ukavu uliokithiri huifanya karatasi ivunjike ikikunjwa na ngozi ya jalada ijikunje. Kiwango cha Uingereza cha hifadhi ya nyaraka cha mwaka 2000, kinachojulikana kama BS 5454, kilipendekeza joto la nyuzi 16 hadi 19 na unyevuanga wa asilimia 45 hadi 60. Kiwango hicho baadaye kiliondolewa, na vingine vikachukua nafasi yake. Hata kilipokuwa kikitumika, kukileta katika nyumba ya Lamu au Siyu kungekuwa ndoto: joto la nyuzi 18 halipatikani huko bila mitambo na umeme usiokatika. Kwa maoni yetu, mhifadhi wa pwani aliache joto la Uingereza na ashughulikie mambo mawili anayoyaweza: unyevuanga wa ndani ya sanduku usivuke asilimia 65, na usipandepande na kushukashuka ovyo kati ya mchana na usiku.

Hapa hatuna budi kuingia kidogo katika ulimwengu ulio mbali na fasihi. Vihisi vingi vidogo vinavyouzwa leo, vyenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti na vinavyopeleka vipimo kwenye simu, hutumiwa pia na watu wanaohifadhi sigara za anasa, hasa zile za Kuba, zinazosokotwa kwa majani mazima ya tumbaku. Sigara hizo huwekwa katika visanduku vya mbao vilivyofungwa barabara, kwa unyevuanga wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Zikikauka hupasuka na kupoteza ladha. Zikilowa huota kuvu. Tena zina adui mwingine, mbawakawa mdogo wa tumbaku ambaye jina lake la kisayansi ni Lasioderma serricorne, mwenye urefu wa milimita mbili hadi tatu. Buu wake hutoboa sigara tundu la mviringo. Mdudu huyu hali tumbaku peke yake. Hula nafaka, viungo, mimea iliyokaushwa na vitabu, na hustawi sana katika joto la karibu nyuzi 30, ambalo ni joto la kawaida la pwani yetu. Ikiwa msomaji amewahi kuona juzuu lililotobolewa kama kwa sindano kutoka jalada hadi jalada, huenda alikuwa akitazama kazi ya mdudu yuleyule anayewasumbua wenye sigara, au ya jamaa yake wa karibu.

Kwa hiyo tatizo la wenye sigara linafanana sana na letu: kitu cha majani au nyuzinyuzi, kisanduku cha mbao, kuvu, mdudu. Zana zao zatufaa. Mipaka yao haitufai. Mtu akifuata maelekezo ya hifadhi ya sigara na kuridhika na asilimia 69, atakuwa ameualika kuvu kwenye utendi. Kengele ya kihisi, ambayo mtumiaji huipanga mwenyewe, iwekwe ilie kwa asilimia 62, si 70, ili kubaki na nafasi ya kuchukua hatua.

4.0 Neno kuhusu istilahi

Katika makala haya tumetumia neno kihisi. Msomaji atakutana pia na kihisio au kitambuzi, na fundi wa Nairobi atasema sensa bila kuona haya. Tumependelea unyevuanga badala ya unyevu, kwa kuwa unyevu hutumika pia kwa udongo, nguo na ukuta, na katika kazi hii mtu hulazimika kutofautisha unyevu wa karatasi na ule wa hewa inayoizunguka. Kuna jozi nyingine inayosumbua zaidi: usahihi na udogo wa kipimo. Kihisi kinachoandika asilimia 58.3 hakina usahihi zaidi ya kile kinachoandika 58. Kimeongeza tarakimu tu. Kosa letu la kwanza, kabla ya mengine yote, lilikuwa la lugha: tuliisoma nukta ya desimali kama ahadi.

5.0 Mambo ya kuzingatia wakati wa kuchagua

La kwanza ni usahihi. Maelezo ya kihisi huwa na alama ya kujumlisha na kutoa ikifuatwa na tarakimu. Vijenzi vya elektroniki vya bei rahisi sana, mfano DHT11 ambacho wanafunzi wa uhandisi hukitumia katika mazoezi, vina kosa la asilimia 5 juu au chini. Vijenzi bora zaidi, mfano SHT31 au SHT35 vya kampuni ya Sensirion ya Uswisi, vina kosa la kawaida la asilimia 2 au chini yake. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo. Lakini mpaka wetu ukiwa asilimia 65, kihisi chenye kosa la 5 kikionyesha 62, ukweli waweza kuwa 57, ambapo hakuna hatari, au 67, ambapo kuvu huota. Kipimo cha namna hiyo hakimwezeshi mtu kuamua lolote. Mnunuzi amwulize muuzaji jina la kijenzi kilichomo ndani. Asipolijua, hilo pia ni jibu.

Kijenzi chenyewe hufanya kazi hivi: kuna utando mwembamba wa plastiki maalumu kati ya vipande viwili vinavyopitisha umeme. Utando hunyonya mvuke hewa ikiwa na unyevu na kuuachilia hewa ikikauka, na uwezo wake wa kuhifadhi chaji hubadilika kulingana na hali hiyo. Ni wazo linalokaribiana na lile la Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva, ambaye mwaka 1783 alichapisha maelezo ya kipimaunyevu chake kilichotumia unywele wa binadamu, unaorefuka ukinyonya unyevu. Utando, kama unywele, huchoka. Moshi wa udi na ubani, dawa za kuua wadudu, rangi mbichi na vumbi la chumvi ya bahari huuharibu kidogokidogo. Nyumba za pwani hazikosi angalau viwili kati ya hivyo, na hatudhani kwamba ni haki kumtaka mtu aache kufukiza nyumba yake kwa ajili ya kifaa chetu. Basi kihisi kijaribiwe kila mwaka.

La pili ni mawimbi. Vihisi vingi hutumia Bluetooth, yaani mawimbi ya gigahetzi 2.4. Hayahitaji umeme mwingi, hivyo betri ndogo ya duara hudumu kwa miezi mingi. Lakini hayapenyi chuma. Kihisi ndani ya kabati la chuma au sanduku la bati ni kama mtu aliyefungiwa kisimani. Mbao hazina shida kubwa. Ukuta mnene wa matumbawe hupunguza mawimbi sana, na haifai kutegemea kwamba simu iliyo sebuleni itapata habari za chumba cha ndani. Vipo vihisi vinavyotumia waifai, vinavyoweza kupeleka vipimo mpaka Nairobi au Eldoret. Hivi hula betri kwa haraka na hunyamaza umeme wa nyumba unapokatika, kwa sababu kipanga njia cha intaneti nacho huzimika. Kwa nyumba nyingi tunazozifahamu, Bluetooth inatosha, kwa sharti litakalofuata.

Sharti lenyewe ni kumbukumbu. Kihisi kinachoonyesha hali ya sasa pekee hakina faida kwa mtu anayetembelea nyumba mara moja kwa mwezi. Kinachotakiwa ni kile kinachoandika vipimo ndani yake na kuvikabidhi simu inapokaribia. Kipimo kimoja kila nusu saa ni 48 kwa siku, 17,520 kwa mwaka. Mnunuzi ahakikishe kwamba kumbukumbu ya kihisi inatosha kwa muda wa kati ya ziara mbili. Pia aulize kama vipimo vyaweza kutolewa kama jedwali la kawaida linalofunguka katika kompyuta yoyote. Baadhi ya programu hutaka mtumiaji ajisajili, kisha huhifadhi kila kitu katika mitambo ya kampuni ng'ambo. Kampuni ikifunga milango, kumbukumbu za miaka zimekwenda nayo. Kwa mtafiti hilo halikubaliki.

Bei, rangi, na umbo la kioo hatuna la kusema juu yake, isipokuwa kwamba kioo kilichotudanganya kilikuwa kizuri kuliko vyote.

6.0 Jaribio la chumvi

Kila mmumunyo wa chumvi uliojaa, ndani ya chombo kilichofungwa, huilazimisha hewa ya juu yake kukaa katika unyevuanga mmoja maalumu. Kwa chumvi ya mezani unyevuanga huo ni asilimia 75, na haubadiliki hata kwa nusu ya asilimia moja kati ya nyuzi 20 na 30. Maana yake ni kwamba maumbile yenyewe yametupa rula.

Chukua kifuniko cha chupa ya soda, ukijaze chumvi, kisha udondoshee maji matone machache mpaka chumvi iwe kama mchanga wa ufuoni uliolowa. Isiyeyuke yote, ikiyeyuka, ongeza chumvi. Kiweke kifuniko hicho pamoja na kihisi ndani ya mkebe wa plastiki unaofungika barabara, bila chumvi kukigusa kihisi. Funga. Weka mkebe mahali ambapo joto halibadiliki sana, mbali na dirisha na jiko, na uuache kwa saa 12 hadi 24. Usifungue ili kuchungulia. Ndiyo faida ya kihisi kisichotumia waya kwamba simu itakusomea kutoka nje. Kihisi kizuri kitaonyesha kati ya 73 na 77. Kikionyesha 71, andika kwenye karatasi na uibandike mgongoni mwake: ongeza 4. Mwenye kutaka hakika zaidi aongeze kituo cha pili kwa magnesi kloridi, inayopatikana katika maabara za kemia, ambayo hutoa asilimia 33. Kosa la juu huenda lisilingane na la chini.

Tulipokirudisha kihisi chetu chuoni na kukiweka ndani ya mkebe, siku ya pili kilionyesha 66. Kihisi kingine tulichoazimwa, ndani ya mkebe uleule, kilionyesha 74. Chetu kilikuwa kimepunguza 9. Ikiwa kosa lilikuwa hilohilo tangu mwanzo, ile 58 iliyotufurahisha ilikuwa 67, na masika yote sanduku lilikuwa ndani ya eneo la kuvu. Jaribio lililotufunulia hayo lilitumia chumvi isiyofika thamani ya shilingi moja.

7.0 Uwekaji na usomaji

Kihisi kikae ndani ya sanduku, katikati ya kimo chake, kisiegemee karatasi wala ubao. Cha pili kiwekwe chumbani nje ya sanduku, kwa kuwa tofauti kati ya viwili ndiyo inayoeleza kama sanduku linafanya kazi. Mstari wa nje ukipanda na kushuka kila siku huku wa ndani ukibaki umetulia, sanduku ni zuri. Ikiwa yote miwili inakwenda pamoja, kuna ufa, au kuna mtu anayefungua mara kwa mara. Wa ndani ukipanda polepole kwa majuma bila kushuka, basi unyevu unaingia na hautoki, na ndipo vifuko vya silika jeli hutakiwa. Vifuko hivyo vikishiba maji hukaushwa katika joku la joto la wastani na kutumika tena. Visiwekwe vingi mno: unyevuanga ukishuka chini ya 40 ngozi ya majalada huanza kulalamika.

Isisahaulike kwamba yote haya hufanyika nyumbani mwa watu. Tulipoomba radhi, Bibi hakutufukuza. Alitaka jambo moja tu, kwamba kioo cha kihisi kipya kigeuzwe upande anaoweza kukisoma yeye mwenyewe akifungua kifuniko, na kwamba tumwandikie kwa mkono, kwa hati ya Kiarabu, tarakimu ambayo ikipitwa atupigie simu. Tuliandika 62. Amepiga mara mbili tangu wakati huo, mara zote mbili kabla ya kengele ya simu yetu kutufikia, kwa sababu hakuna aliyekuwa karibu na sanduku isipokuwa yeye.

Kurasa tatu zilizoshikana bado hazijatenganishwa. Tumeshauriwa tusizivute wala kuzipasha moto mpaka apatikane mtaalamu wa karatasi, nasi tumetii. Kwa kuhesabu beti za kurasa za kabla na za baada yake, tunakadiria kwamba zina beti kati ya 60 na 70.